Hivi waziri mkuu wa Uingereza si rais kasoro jina? Na nani hasa anamzuia?

Kijana wa Manzese (mtoa mada)

Wakuu salama? Poleni na majukumu. Nina swali linanisumbua, naomba wenye uelewa wanisaidie bila matusi na bila kuleta Yanga na Simba humu.

Somo la uraia tuliambiwa kwenye mfumo wa Uingereza waziri mkuu ni wa kwanza kati ya wenzake walio sawa, anakaa na mawaziri mezani wanajadili, wakikubaliana wanatoka na kauli moja, na Bunge ndo limeshika mpini, likimchoka linampigia kura ya kutokuwa na imani anaenda nyumbani. Nikaandika kwenye mtihani nikapata vema.

Sasa mimi nafuatilia sana siasa zao, zile Jumatano za maswali sikosi, na ninachokiona ni kitu kingine kabisa. Septemba 2019 Boris Johnson ana wiki sita tu ofisini, wabunge 21 wa chama chake wakapiga kura kinyume naye kwenye mambo ya Brexit, wote 21 wakatolewa kwenye kambi ya chama bungeni, mpigo mmoja. Na sio watoto wadogo, yumo Kenneth Clarke aliyeingia bungeni 1970, yumo Nicholas Soames mjukuu wa Churchill, yumo Philip Hammond ambaye mwezi Julai tu hapo alikuwa waziri wa fedha. Hakuna kikao cha maadili, hakuna kamati kuu, hakuna kuitwa Dodoma kujieleza.

Ukidhani ni Boris tu na vituko vyake, njoo Julai 2024. Starmer hajamaliza hata mwezi, wabunge wake saba wakaunga mkono hoja ya kufuta kile kikomo cha posho ya watoto wawili, wote saba wakasimamishwa miezi sita. Kichekesho Novemba 2025 serikali hiyohiyo ikatangaza inakifuta hicho kikomo.

Swali langu: hizi nguvu anazitoa wapi? Ni tabia ya mtu mmoja mmoja au mfumo wenyewe umebadilika? Na kama rais wa Marekani anabanwa na Congress, huyu mwenye wabunge wengi mfukoni anabanwa na nani? Walioko huko Ulaya na Kanada tupeni ya ndani.

Nawasilisha.

BintiTanga

Hahaha wa kwetu Alhamisi anajibu maswali ya papo kwa papo, basi imetoka hiyo. Anateuliwa na rais, Bunge linamthibitisha, maisha yanaendelea. Huyo wa Uingereza ndo rais wao bana, kasoro mizinga 21 tu anaachiwa Mfalme. Nakaa hapa na kahawa yangu nasubiri watu wa ughaibuni waje.

Mzaramo wa Leicester

Mtoa mada umeuliza la maana, niko huku Leicester miaka mingi ngoja nikupe ninavyoliona.

Kwanza elewa kwamba hakuna sheria moja iliyokaa chini ikaandika waziri mkuu afanye hiki asifanye kile. Madaraka yake mengi ni desturi, kwahiyo ofisi inatanuka na kusinyaa kutokana na aliyeikalia na idadi ya wabunge alionao. Thatcher alianza kuitanua, mwaka 1986 Michael Heseltine aliinuka katikati ya kikao cha baraza la mawaziri akatoka zake nje akajiuzulu kwa sababu ya ile ishu ya kampuni ya helikopta ya Westland, moja ya malalamiko yake ilikuwa kwamba mjadala unabanwa, mawaziri hawapewi nafasi. Lakini Blair ndo aliyemaliza kazi.

Blair kaingia Mei 1997 na wingi wa viti 179. Uchaguzi tarehe 1, tarehe 6 Benki Kuu ya Uingereza imeshapewa mamlaka ya kupanga riba yenyewe, jambo zito la uchumi la kizazi kizima, na baraza la mawaziri lilikuwa halijakaa hata kikao kimoja. Aliamua yeye na Gordon Brown, waziri wake wa fedha. Halafu ikatolewa amri maalum kwamba watu wake wawili, Alastair Campbell na Jonathan Powell, ambao ni washauri wa kisiasa tu wameingia na yeye, wanaweza kuwapa amri watumishi wa umma. Fikiria hapo. Brown alipoingia uwaziri mkuu 2007 akaifuta. Na kwenye vita ya Iraq, ripoti ya Lord Butler ya 2004 ilisema wazi kwamba mambo yalikuwa yanazungumzwa kienyeji bila makaratasi ya kuwawezesha mawaziri wengine kujiandaa, wenyewe huku waliita serikali ya kwenye makochi.

Sasa nikupe moja ndogo inayoonesha kila kitu. Februari 2020, Johnson ametoka kushinda kwa wingi wa viti 80, anapanga upya baraza. Sajid Javid waziri wa fedha anaitwa ndani, anaambiwa kiti unabaki nacho, ila wafukuze washauri wako wote uchukue watakaochaguliwa na Downing Street, yaani ofisi ya waziri mkuu. Waziri wa fedha wa Uingereza! Mtu wa pili serikalini! Javid akasema hakuna waziri mwenye kujiheshimu anayekubali hilo, akaondoka, bajeti imebaki kama mwezi hivi. Akaingizwa Rishi Sunak, akakubali hayo masharti. Huo ndo ukubwa wa waziri siku hizi, hata msaidizi wake wa kumwandikia hotuba anapangiwa.

Nyingine watu hawaihesabu ni vyeo. Sheria inaruhusu mawaziri 95 ndani ya Bunge la Commons, ukiongeza wale wabunge wanaobeba mikoba ya mawaziri bila malipo wanafika mia na ushee, na wote hao wakipiga kura kinyume na serikali kibarua kimeota nyasi. Bunge lina watu 650. Kwahiyo kabla mnadhimu hajainua simu tayari ana kura mia na kitu za watu wanaolinda ugali wao, na nyuma yao wamepanga foleni wanaotaka kuwa kama wao.

Ukiacha hayo kuna TV. Mdahalo wa kwanza wa viongozi wa vyama kwenye televisheni ulikuwa Aprili 2010, Brown, Cameron na Clegg, tangu hapo mtu anapiga kura jimboni kwake kichwani ana sura ya mtu ambaye hata hayumo kwenye karatasi yake.

Msemakweli

Mzaramo umeandika vizuri ila umemjaza mwenzio upande mmoja. Hizo nguvu ni za kuazima mkuu. Rais wa Marekani chama chake kikimchukia atamaliza miaka minne, kumtoa kwa kumshtaki Congress ni shughuli pevu na hajawahi kutolewa hata mmoja kwa njia hiyo. Waziri mkuu anaamka asubuhi bosi, jioni anatafuta maboksi ya kuhamishia vitu.

Umemtaja Thatcher ukaishia 1986, malizia basi. Mama kashinda chaguzi tatu, miaka 11 na nusu ofisini. Novemba 1990 Geoffrey Howe anajiuzulu, mtu aliyekuwa waziri wake wa fedha, akawa wa mambo ya nje, akawa naibu wake. Tarehe 13 akasimama bungeni, mzee mpole anaongea sauti ya chini kama anasoma taarifa ya msiba, Thatcher amekaa palepale mbele yake anasikiliza, akasema kwenda kujadiliana Ulaya chini ya mama huyu ni sawa na wachezaji wa kriketi kuingia uwanjani wakakuta magongo yao yamevunjwa na kapteni wao wenyewe. Ukumbi ukacheka, mama hacheki.

Wiki moja baadae kura za wabunge wa chama chake: Thatcher 204, Heseltine 152. Ameshinda sio? Hapana, kanuni ilitaka amzidi kwa asilimia 15 ya wapiga kura wote, akapungukiwa kura 4. Kura nne! Na yeye hayupo hata London, yuko Paris kwenye mkutano wa wakubwa, akatoka nje kwa waandishi akasema naingia raundi ya pili. Aliporudi akawaita mawaziri mmojammoja, na mmojammoja wakamwambia sisi tupo na wewe lakini utashindwa. Wale wale ambao mnasema hawana sauti. Kesho yake asubuhi katangaza anaachia ngazi.

Boris na wingi wake wa viti 80, Julai 2022 mawaziri walikuwa wanajiuzulu mpaka wanagongana mlangoni. Liz Truss kaingia tarehe 6 Septemba katoka tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo, hata pazia hajabadilisha. Na Australia ndo balaa, Rudd 2010, Gillard 2013, Abbott 2015, Turnbull 2018, wote hao ni mawaziri wakuu waliong'olewa na wabunge wa vyama vyao wenyewe, sio na wananchi. Rudd alipohesabu kura zake akaona hata kugombea aibu, akakaa pembeni Gillard akapita bila kupingwa. Rais gani huyo anaondolewa kabla ya chai ya saa nne?

Kijana wa Manzese

Msemakweli asante, hiyo ya Howe sikuijua nimeitafuta video nimeiangalia mara mbili, Thatcher pale uso umekaza. Lakini sasa mmenichanganya zaidi. Mzaramo anasema kawa mkubwa, wewe unasema anang'olewa kirahisi, na wote mna ushahidi. Inakuwaje sehemu nyingine aguswe na sehemu nyingine asiguswe?

BintiTanga

Msemakweli mbona Australia umewaruka ukaenda kwenye waliong'olewa tu, Scott Morrison umemwacha wapi? Wakati wa korona, 2020 mpaka 2021, alijipachika kimyakimya kuwa waziri kwenye wizara tano juu ya uwaziri mkuu wake. Afya, fedha, hazina, mambo ya ndani, na ile ya viwanda na rasilimali. Gavana mkuu akasaini, hakuna tangazo, hakuna picha. Mathias Cormann na Josh Frydenberg wanakwenda kazini kila siku wanajua wao ndo wenye wizara kumbe wako wawili kwenye kiti kimoja. Ikaja kujulikana Agosti 2022 akiwa ameshashindwa uchaguzi. Bunge likampigia kura ya kumlaani Novemba, 86 kwa 50, mwenyewe amekaa tu humo ndani mbunge wa kawaida.

Mkinionyesha rais yeyote aliyewahi kuwa waziri wa wizara tano bila baadhi ya mawaziri wenyewe kujua nitafunga mdomo.

Msemakweli

Dada hapo umenikamata vizuri, hiyo ya Morrison haina utetezi. Ila hata hivyo chama chake kingemtaka kingemtoa, kwa sababu wabunge ndo wanaoshika kiti chake. Baada ya kumng'oa Turnbull 2018 ndo wakaweka kanuni ya kufanya iwe ngumu, walichoka kubadilisha picha ukutani.

Ngosha wa Ontario

Naona mnazunguka mlango bila kuingia. Swali la mtoa mada la pili ndo lenyewe, kwanini hapa aguswe pale asiguswe. Jibu ni moja tu: nani alimpa uongozi wa chama na nani ana kalamu ya kumkata jina mwenzie. Basi. Haya mengine ya TV na washauri ni chumvi ya kuongezea.

Chukueni Kanada ninakokaa, maana nyie mnaangalia Uingereza ambako bado kuna uhai kidogo. Zamani huku kiongozi wa chama alichaguliwa na wabunge. Mwaka 1919 chama cha Liberal wakafanya mkutano mkuu wa wajumbe kutoka nchi nzima, wakamchagua Mackenzie King. Kilionekana ni kitu cha demokrasia na watu wakafurahi, lakini matokeo yake wabunge wakipeleka malalamiko kiongozi anawajibu kwa adabu kabisa, sio nyinyi mlionichagua. King akawa waziri mkuu zaidi ya miaka 21 kwa jumla, hajawahi kutokea mwingine wa kumfikia.

Halafu 1970, enzi za Trudeau baba, wakabadilisha sheria ya uchaguzi ili jina la chama liandikwe kwenye karatasi ya kura pembeni ya mgombea. Jambo zuri, mpiga kura ajue. Ila ili mgombea aandikiwe chama lazima kiongozi wa chama asaini. Hapo ndipo mbunge wa Kanada alipofungwa kamba shingoni. Unaweza kupita kura za maoni jimboni kwako kwa kishindo, kiongozi asipoweka sahihi yake wewe sio mgombea. Nyie CCM mnaijua hii, jina linarudi au halirudi, tofauti kwenu linapita kwenye vikao, huku miaka mingi lilipita kwenye kalamu ya mtu mmoja.

Matunda yake mkayaona 2019. Jody Wilson-Raybould, waziri wa sheria na mwanasheria mkuu, akasema ofisi ya waziri mkuu ilimshinikiza kuhusu kesi ya kampuni ya SNC-Lavalin. Jane Philpott waziri mwenzie akajiuzulu kumuunga mkono. Aprili 2 Justin Trudeau akawatoa wote wawili kwenye kambi ya wabunge wa Liberal na akawafuta ugombea. Agosti kamishna wa maadili akatoa ripoti kwamba Trudeau kweli alivunja sheria ya mgongano wa maslahi. Yeye akaendelea na kiti, Oktoba akashinda uchaguzi. Aliyekuwa na haki yuko nje na aliyekosea yuko ndani.

Sijasema Mkanada hawezi kumwondoa kiongozi. Kuna mbunge anaitwa Michael Chong alipigania sheria ikapita 2015, kwamba baada ya kila uchaguzi wabunge wa kila chama wapige kura kama wanataka kujipa uwezo wa kumwondoa kiongozi wao: asilimia 20 wakisaini, kura ya siri inapigwa. Conservative walijipa huo uwezo, na Februari 2022 wakamtoa Erin O'Toole kura 73 kwa 45, siku moja kazi imeisha. Liberal hawakujipa. Kwahiyo 2024 wabunge wao kama 24 wakasaini barua kumuomba Trudeau aondoke, akaisoma, akawashukuru, akaendelea na ratiba zake. Mpaka Chrystia Freeland waziri wa fedha alipojiuzulu Desemba ndo maji yakafika shingoni, Januari 6 katangaza anaondoka, na hata hapo aliomba Bunge lisitishwe mpaka Machi 24 ili chama kipate muda wa kutafuta mwingine. Bunge zima la nchi limefungwa linasubiri chama kimoja kimalize mambo yake ya ndani! Na aliyechaguliwa na wanachama, Mark Carney, akaapishwa kuwa waziri mkuu Machi 14 hajawahi kuwa mbunge hata siku moja.

Msaada mwingine uliza.

Otieno wa Kondele

Watu wa Bongo mko na maneno. Huku kwetu hiki kiti kinakuja na kwenda kama stima. Mzee Kenyatta alianza nacho Juni 1963, Desemba 1964 akawa rais kikafutwa. 2008 kikarudi juu ya serikali ya nusu mkate, Baba Raila (Mungu amlaze mahali pema) akakikalia mpaka 2013. BBI, ule mpango wa kubadilisha katiba, ikataka kukirudisha, Supreme Court ikaizima 2022. NADCO, mazungumzo ya serikali na upinzani, 2023 tena ikapendekeza. Lakini sikilizeni, huyo wetu ni wa kutuliza mtu aliyekosa urais, hajawahi kuwa na kiranja wa chama bungeni anayemwogopa wala karatasi ya kusaini kama hiyo ya Ngosha. Mkifananisha mnakosea.

Mzaramo wa Leicester

Ngosha umemaliza mjadala karibu wote, hiyo ya 1919 inaeleza na huku pia. Conservative mpaka 1965 kiongozi alikuwa anaibuka tu kwa mazungumzo ya wakubwa, kisha wakaanza kupigiwa kura na wabunge, ndo maana Thatcher kura nne zikammaliza. Tangu 1998 wabunge wanachuja mpaka wabaki wawili, wanachama wa kawaida nchi nzima wanamaliza. Angalia 2022, raundi ya mwisho ya wabunge Sunak 137, Truss 113, Mordaunt 105. Yaani theluthi mbili ya wabunge hawakumtaka Truss, wanachama wakampa. Kwa Labour Corbyn alikuwa upinzani lakini somo ni lilelile, Juni 2016 wabunge wake 172 kwa 40 walisema hawana imani naye, akaenda kwa wanachama akarudishwa kwa kishindo.

Ila Msemakweli pia ana hoja yake, kwa Conservative kumtoa bado kumebaki mikononi mwa wabunge. Mwaka 2022 asilimia 15 wakiandika barua kura ilikuwa inapigwa. Na Julai 5 2022 waliomwangusha Boris, wawili wa kwanza kutoa barua za kujiuzulu wakiachana dakika chache tu, walikuwa nani? Javid aliyekataa kupangiwa washauri (alikuwa amesharudishwa uwaziri) na Sunak aliyekubali.

Kijana wa Manzese

Duh. Hapo nimekaa kimya kidogo.

Swali dogo la mwisho kwa Mzaramo, wale 21 wa Boris waliishia wapi? Maana kwetu katiba inasema ukikosa chama na ubunge umeisha, sasa wao walikaa vipi bungeni?

Mzaramo wa Leicester

Huku ukitolewa kwenye kambi ya chama ubunge wako unabaki nao mpaka uchaguzi ujao, kiti ni chako sio cha chama, hapo wametuzidi. Tatizo ni uchaguzi wenyewe. Kumi walirudishwa mwisho wa Oktoba. Clarke na Hammond hawakugombea tena. Waliothubutu kugombea bila chama kwenye majimbo yao wenyewe ni Dominic Grieve, David Gauke na Anne Milton, Gauke na Grieve walishawahi kuwa mawaziri tena wakubwa tu, na wote watatu waliangushwa Desemba 2019. Watu wa jimbo wanakusifia dukani, wanakushika mkono, kisha wanakwenda kuweka alama kwenye nembo ya chama.

BintiTanga

Ngosha, na hao Liberal baada ya kuhangaishwa hivyo na Trudeau mwaka mzima, walipopata wabunge wapya uchaguzi wa Aprili 2025 si walijipa huo uwezo sasa?

Ngosha wa Ontario

Mei 2025 wamekaa kikao, wakapiga kura, wakaukataa.